UZI: Natengeneza gemu ya bao la Kiswahili. Ruwaza na testi zinasaidia wapi, na wapi ni mbwembwe tu?

Kete64 (Mtwara Mjini)

Wakuu, heshima kwenu.

Napata meseji chemba kutoka kwa vijana, wengi wa Masasi, Newala na Lindi mjini, na swali lao ni moja. Wameangalia video za ruwaza za usanifu wa programu, majina wameyakariri, sasa wanataka kutengeneza gemu na hawajui waanze na ruwaza ipi. Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake naweka uzi, wajuzi wengine mtaongezea.

Jibu langu: usianze na ruwaza yoyote. Anza kwa kutenganisha sheria za gemu na kioo cha simu. Ukishatenganisha hivyo viwili, ruwaza tatu nne utajikuta unazihitaji, na testi, yaani kodi fupi za kuikagua kodi yako, zitaandikika bila tabu. Usipotenganisha, hata ukizijua zote 23 zilizomo kwenye kile kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994 cha wale jamaa wanne, kodi yako itasokotana kama nyavu zilizotupwa ndani ya ngalawa bila kukunjwa: unavuta kamba moja, zinakuja zote.

Watu wanasahau haya mambo yalitoka wapi. Mwenye wazo alikuwa msanifu majengo, Christopher Alexander, mwaka 1977 huko Marekani. Yeye alikuwa anazungumzia nyumba, mitaa na madirisha: kuna tatizo linalojirudia, na kuna kiini cha suluhisho lake ambacho kila fundi anakijenga kivyake. Miaka kumi baadaye, 1987, Kent Beck na Ward Cunningham wakalichukua wazo hilo wakalipeleka kwa waandika programu. Kwa hiyo tangu mwanzo ruwaza ni ya kujibu tatizo. Mtu anayeniambia "nataka kutumia Singletoni kwenye gemu yangu" kabla hajaniambia gemu yenyewe ni ya nini, bado hajaanza.

Sasa mfano wangu. Nafanya bao la Kiswahili kwa Godot, injini ya kutengenezea gemu. Mnaocheza mnalijua, ila kwa ambao hawachezi: mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 6 kwenye nyumba, shimo lake maalumu la safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwa nyumba, na 22 mkononi. Mnanamua, yaani kila zamu mnaingiza kete moja ya mkononi, mpaka za mkononi ziishe, kisha mnaingia mtaji, yaani mnacheza na zilizoko ubaoni tu.

Angalieni hayo maelezo. Hakuna rangi, hakuna sauti, hakuna kidole. Klasi yangu ya Bao, yaani kipande cha kodi kinachoshika sheria, haijui kama duniani kuna simu. Inapewa hatua moja, inarudisha orodha ya matukio: kete imedondoka shimo la 3, imekula kete 4, imeanzia kichwa (shimo la pembeni la safu ya mbele) cha kushoto, imelala, yaani ya mwisho imeangukia shimo tupu na hatua imeishia hapo. Kioo kinaichukua hiyo orodha na kuionyesha taratibu, kete moja baada ya nyingine, mlio wa mbao juu. Sheria zimemaliza kazi zamani. Anayechelewa ni kioo, na anachelewa kwa makusudi ili mchezaji afaidi.

Mwenye swali aulize.

---

Mchungulia_Nyuzi

Nafuatilia kwa karibu. Mkuu weka na kodi tuone.

---

Fundi_Shangani (Mtwara)

Mkuu Kete64, kwa heshima zote, hapa umetuletea mambo ya watu wa benki. Mimi gemu zangu ziko sokoni na watu wanacheza. Testi sijawahi kuandika hata moja. Naiweka kwenye simu, nampa mdogo wangu, akiinuka mwenyewe bila kulazimishwa najua haijanoga, akinyang'anyana na mwenzake najua imetoka. Hiyo ndiyo testi.

Halafu gemu inabadilika kila wiki. Leo adui ana mioyo mitatu, kesho mitano, kesho kutwa adui mwenyewe hayupo. Testi ulizoandika zote unafuta. Huo muda si ungechora vizuri?

---

Kete64

Fundi, nusu ya maneno yako nayakubali bila ubishi. Hakuna testi itakayokwambia gemu imenoga. Mruko wa mhusika unahisi mzito au mwepesi, rangi inachosha macho, hiyo ni kazi ya mdogo wako na haina mbadala.

Ila mdogo wako hawezi kuniambia kama kete zimebaki 64. Nani anahesabu kete katikati ya mchezo? Jaribu kufikiria kodi inayosambaza kete ina kosa dogo: ikizunguka kona ya safu ya nyuma, inapoteza kete moja pale tu kete zinapozidi 16. Mchezaji atacheza jioni nzima asione. Atakachoona ni kwamba "hii gemu ina mazonge", anaifuta, anaenda zake. Mimi nimeandika hivi:

```
func test_kete_hazipotei():
    seed(64)
    var bao = Bao.new()
    while not bao.imekwisha():
        var hatua = bao.hatua_halali().pick_random()
        bao.cheza(hatua)
        assert(bao.jumla() == 64)
```

Basi. Kompyuta inacheza yenyewe hatua za kubahatisha, na baada ya kila hatua inahesabu kete za ubaoni pamoja na za mkononi. Hapo sijasema mchezo uende vipi. Nimesema jambo moja ambalo lazima liwe kweli daima, nikaiacha mashine ihangaike kulivunja. Na kwa kuwa klasi ya Bao haigusi kioo, michezo mingi inapita kabla hujamaliza kuonja chai.

Hiyo `seed(64)` juu msiipite. Bila hiyo, testi ikifeli leo huipati tena kesho, maana bahati nasibu imeshabadilika. Ukiipa mbegu ileile, inacheza mchezo uleule.

Na kuhusu kufuta: adui wa mioyo mitatu nisingemwandikia testi. Hiyo ni namba ya kuchezea, iweke kwenye faili la mipangilio ubadilishe utakavyo. Kete 64 hazibadiliki wiki ijayo. Unachagua cha kupima.

---

Binti_Kilwa (Kilwa Masoko)

Habari zenu. Kazi yangu ni kupima programu, sio gemu, lakini hapo kwa Kete64 naongeza moja.

Unaposema `assert` kwenye Godot, ule mstari unaodai jambo liwe kweli, jueni kwamba kwenye toleo unalompelekea mteja hiyo mistari haifanyi kazi, inarukwa yote pamoja na kilichomo ndani ya mabano. Kwa hiyo usiweke kitendo ndani yake. Ukiandika `assert(bao.cheza(hatua))` ukidhani umefupisha, kwenye laptopu itacheza, kwenye simu ya mteja kete hazitasogea. Cheza kwanza, halafu uliza.

Fundi_Shangani kaka yangu, suala la mipaka mdogo wako hatalifikia. Pac-Man ya mwaka 1980 ilikaa kwenye mashine za michezo ikala sarafu dunia nzima. Namba ya hatua iliwekwa kwenye baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255. Aliyefika hatua ya 256 namba ikarudi sifuri, ile sehemu inayochora matunda chini ya kioo ikachanganyikiwa ikachora kupita kiasi, nusu ya kioo cha kulia ikajaa takataka na gemu ikawa haiendelei. Watengenezaji waliicheza, bila shaka. Lakini nani anafika hatua ya 256 mchana wa kazi? Testi inafika palepale, unaiambia tu ianzie 255.

---

Fundi_Shangani

Dada hiyo ya Pac-Man ni kweli, nimeona picha zake. Ila gemu ikichezwa mpaka hatua ya 256 mimi nitakuwa nimeshatajirika, acha iharibike 😂

---

Manati_Newala (Newala)

Wakuu samahani naingilia na tatizo langu. Nina gemu ya kulinda shamba la mikorosho. Ngedere wanashuka kwenye miti, wewe una manati unawapiga mawe. Kwenye laptopu jiwe linapiga safi. Kwenye simu ya bei poa ya shemeji jiwe linapita katikati ya ngedere na ngedere anaendelea kula mabibo. Sio kila mara, mara moja moja. Nimekesha. Je hapa ni ruwaza gani?

---

Kete64

Manati, ruwaza inayokuhusu ni ya mzunguko wa gemu, yaani gemu inavyosogeza vitu na kuchora tena na tena, na hesabu yake ni hii.

Jiwe lako lina kasi gani? Tuseme pikseli 1200 kwa sekunde. Ngedere ana upana wa pikseli 40. Laptopu inachora fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya fremu na fremu jiwe linasogea pikseli 20. Litamkuta ngedere tu, halina pa kupita. Simu ya shemeji ikichoka inashuka fremu 20. Sasa jiwe linasogea pikseli 60 kwa mkupuo. Fremu hii liko mbele ya ngedere, fremu inayofuata liko nyuma yake. Hakuna wakati ambapo kompyuta ililiona likiwa juu yake. Ndiyo maana ni mara moja moja: inategemea lilianzia wapi.

Hii ni habari ya zamani. Space Invaders ya 1978, wale viumbe wakipungua wanaobaki wanaenda mbio. Chanzo chake ni mashine yenyewe: wa kuchora wakiwa wachache, mzunguko unaisha haraka, mwendo unaongezeka. Pale ilinoga, ikaachwa. Kwako haijanoga.

Dawa: hesabu za mwendo zitoe kwenye `_process`, zipeleke `_physics_process`. Ya kwanza inaitwa kila fremu inapochorwa, iwe mara 60 au mara 20. Ya pili Godot inaiita kwa hatua zisizobadilika, 60 kwa sekunde kama hujagusa mipangilio. Simu ikichelewa, injini inafidia kwa kuzipiga hatua kadhaa mfululizo ndani ya fremu moja. Ila fidia ina kikomo, maana simu dhaifu inayofidia inazidi kuchelewa, na ikichelewa inadaiwa fidia zaidi, mwisho inaganda. Kwa hiyo hapo ndani usijaze mambo mazito.

Kwa jiwe la kasi sana, usiulize "jiwe liko wapi sasa". Chora mstari kutoka lilipokuwa mpaka lilipofika, uliza kama mstari huo umemgusa mtu. Hapo hata fremu 10 halipiti.

Na testi yake ni rahisi mno: fanksheni inayosogeza jiwe inapokea muda kama namba. Ipe 1/60, ipe 1/20, ipe 1/10. Mara zote tatu ngedere lazima afe. Huhitaji simu ya shemeji.

---

Manati_Newala

Duh. Nilikuwa nawaza nibadilishe umbo la ngedere 😅 Asante mkuu, najaribu leo umeme ukirudi.

Swali la pili. Video zinasema mawe mengi lazima utumie akiba ya vitu, yaani unatengeneza mawe mapema unayarudisha ghalani badala ya kuyafuta. Nifanye?

---

Kete64

Umepima? Kama hujapima, usifanye.

Video nyingi za hiyo ruwaza ni za Unity, injini nyingine ya gemu, ambako unaandika C#. Kule kuna mfagiaji wa memori, anayeondoa vitu visivyotumika tena, anayepita kwa wakati wake, na akipita gemu inaweza kusita. Fremu moja ya kasi 60 ina milisekunde 16.7 tu, mfagiaji akila kumi mchezaji anaona. Ndiyo maana wao wanaweka akiba. GDScript, lugha ya Godot, haina mfagiaji wa aina hiyo, kitu kikikosa anayekishika kinaondoka papo hapo, na nodi, yaani kitu kilichowekwa kwenye gemu kama jiwe lako, unaifuta mwenyewe. Mawe yako ya manati, jiwe moja kila unapovuta mpira, hayatakutesa. Akiba ya vitu ina gharama yake: jiwe linarudi kutoka ghalani na kasi ya jana, au bado limeungwa na ngedere aliyekufa. Unajiletea bagi mpya kutibu ugonjwa ambao hujaumwa.

---

Binti_Kilwa

Nakazia. Nimeona gemu ya mtu risasi inatoka kwenye bunduki ikiwa tayari imeshapiga.

Manati, kwako ruwaza ya maana ni ya Msikilizaji. Ngedere akipigwa vinatokea vitu vingapi? Mlio, pointi, mti kupumua, labda nyota. Anayeanza anaandika yote ndani ya kodi ya ngedere: ngedere anamjua spika, anamjua ubao wa pointi, anaujua mti. Siku ukitaka kumpima ngedere peke yake, lazima ulete shamba zima. Godot imekuwekea ishara tayari. Ngedere atangaze `amepigwa`, basi. Anayetaka kusikia ajiunge mwenyewe. Kwenye testi unaunganisha msikilizaji wa bandia anayehesabu tu, unampiga jiwe moja, unauliza: umesikia mara ngapi? Ikija mbili, umepata bagi ambayo ingempa mchezaji pointi mara mbili.

Angalizo: ishara zikizaa ishara zinazozaa ishara, hutajua tena nani alianza. Mimi nikiona mnyororo wa zaidi ya hatua mbili nauliza kama haikufaa kuita fanksheni moja kwa moja.

---

Kijana_wa_Ruangwa

Na Singletoni, kile kitu kimoja kinachofikiwa na gemu nzima? Godot ina Autoload ya kazi hiyo, naweka kila kitu humo na mambo yanakwenda.

---

Binti_Kilwa

Yanakwenda mpaka siku ya kwanza ya testi. Testi ya kwanza inaacha pointi 50 kwenye Autoload, ya pili inaanza ikidhani ni sifuri, inafeli. Ukiziendesha kwa mpangilio mwingine zinapita. Mtu anaanza kusema testi zina mapepo. Weka humo sauti na mipangilio ya lugha. Hali ya mchezo wenyewe ipitishe mkono kwa mkono.

---

Mzee_wa_Ndoro (Lindi)

Vijana, mimi kompyuta sijui, mjukuu ndiye ananisomea na kuniandikia. Lakini bao nimelicheza tangu Lindi ina meli. Nimesikia mnasema mmehesabu kete 64 mkaridhika. Hata mtoto anaweza kusambaza kete 64 na akawa amecheza uongo mtupu. Je, mashine yenu inajua kimbi?

---

Kete64

Shikamoo mzee. Umegonga penyewe. Testi ya 64 inakamata kete iliyopotea, haikamati kete iliyokwenda njia isiyo yake. Nikisambaza kutoka kichwa cha kushoto badala ya kulia, jumla bado ni 64 na testi inapita inacheka.

Naomba mzee unipe mfano wa kimbi, mmoja tu lakini kamili, shimo kwa shimo.

---

Mzee_wa_Ndoro

Marahaba. Mjukuu andika.

Ukila kwenye kimbi, yaani kichwa au shimo linalofuata kichwa, huna hiari: kete zinaanzia kichwa cha upande huohuo. Ukila katikati ndiyo unachagua upande. Mfano: safu yako ya mbele, hesabu kutoka kushoto. Shimo la 8, ambalo ni kichwa cha kulia, lina kete moja. La 7 tupu. La 6 tupu. Mwenzako anayelitazama la 8 ana tatu. Unanamua la 8. Unakula tatu zake. Unaanzia la 8, unatupa moja, la 7 moja, la 6 moja. La 6 lilikuwa tupu, umelala. La 8 sasa lina tatu.

Mashine ikifanya vinginevyo, itupeni baharini.

---

Kete64

Mzee hii naiweka neno kwa neno:

```
func test_kula_kimbi_ya_kulia():
    var bao = Bao.tupu()
    bao.weka_mbele(MIMI, 8, 1)
    bao.weka_mbele(MPINZANI, 8, 3)
    bao.weka_mkononi(MIMI, 1)
    bao.namua(8)
    assert(bao.mbele(MIMI, 8) == 3)
    assert(bao.mbele(MIMI, 7) == 1)
    assert(bao.mbele(MIMI, 6) == 1)
    assert(bao.mbele(MPINZANI, 8) == 0)
```

Shimo la 8 la mpinzani hapa nalihesabu kwa upande wangu ili yatazamane. Kete tano zimeingia, tano zimetoka: moja ya shimoni, moja ya mkononi, tatu za kula.

Kijana anayeniuliza testi nzuri inaonekanaje, ni hii. Mzee hajui GDScript lakini akisomewa hiyo kwa sauti anaweza kusema ndiyo au hapana. Ukiandika testi ambayo mwenye mchezo wake hawezi kuielewa, jiulize unampimia nani.

Kinachofuata ni nyumba. Kete ya mwisho inapofika kwenye nyumba yako yenye kete 6 au zaidi baada ya kula, na hapo hakuna cha kula, mchezaji ana hiari: alale au aendelee. Hapo ndipo ruwaza ya Hali ilipojileta kwangu. Mwanzo wa gemu nyingi ni rundo la ndiyo-na-hapana: je anasambaza? je anauliza? je imekwisha? je ni zamu yangu? Vigeu vinne vya ndiyo na hapana vinakupa michanganyiko 16, na mingi haina maana, mfano mchezo umekwisha na bado unasambaza. Mimi nina hali nne tu: kusubiri kidole, kusambaza, kuuliza nyumba, mwisho. Gemu iko kwenye moja, haiwezi kuwa kwenye mbili. Kidole kikigusa wakati wa kusambaza, hali hiyo haina jibu la kidole, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Na sikuandika klasi kwa kila hali jinsi vitabu vinavyochora. Orodha ya majina manne na `match` moja, inayochagua la kufanya kwa kila jina, inatosha kabisa kwa gemu ya ukubwa huu.

---

Kijana_wa_Ruangwa

Na kurudisha hatua nyuma? Ruwaza ya Amri si ndiyo kazi yake?

---

Kete64

Nusu. Hatua kuifanya kitu cha kushikika, chenye shimo na upande, hiyo naitumia sana. Lakini kuandika kinyume cha kusambaza kwenye bao ni kujitesa: kete zimezunguka, zimekula, zimezunguka tena, utazikusanyaje? Mimi kabla ya kila hatua nanakili ubao. Mashimo 32 na mikono miwili, namba 34, na alama chache za zamu na nyumba. Kurudi nyuma ni kuchukua nakala iliyopita.

Faida ya hatua za kushikika iko kwingine. Kila hatua ninaiandika kwa herufi mbili, moja ya shimo na moja ya upande, mara chache tatu pale nyumba inapouliza. SMS moja ina herufi 160. Mchezo wa hatua karibu 80 unaingia kwenye SMS moja. Mchezaji wa Nachingwea asiye na bando akikutana na kituko anabonyeza kitufe, mchezo wake wote unanijia kwa meseji ya kawaida. Naubandika kwenye testi, mashine inaucheza upya mpaka palepale. Hakuna cha "nieleze ilikuwaje". Hii inawezekana kwa sababu bao lote ni namba kamili na halina bahati nasibu. Manati, kwako usitegemee: fizikia ya Godot haina ahadi ya kutoa jibu lilelile kwenye kila simu.

---

Fundi_Shangani

Hiyo ya SMS naiiba leo leo. Testi bado siandiki 😂

---

Manati_Newala

Mrejesho: nimetumia ule mstari wa kutoka lilipokuwa mpaka lilipofika. Ngedere wa shemeji wanakufa wote. Sasa shemeji analalamika gemu imekuwa rahisi.

---

Fundi_Shangani

@Manati_Newala hapo sasa mpe mdogo wangu.

---

Binti_Kilwa

Kete64, lile zungusho lako la `while` linanitia wasiwasi. Una uhakika kila hatua ya bao inalala? Ikitokea moja isiyolala, testi yako itakaa hapo mpaka betri iishe, na simu ya mteja vilevile.

---

Kete64

Swali la mtu wa kazi hilo. Jibu: si kila hatua inalala. Kimahesabu inawezekana kete zikazunguka bila mwisho.

Sehemu ya kula haina shida, kwa sababu kila ukila kete za mpinzani zinapungua na mwisho zinaisha. Hatari iko kwenye kuzunguka upande wako mwenyewe bila kula. Lakini kete ni 64 na mashimo ni 32, kwa hiyo mipangilio inayowezekana, hata iwe mingi vipi, ina idadi. Basi moja kati ya mawili: ama inalala, ama kuna wakati ubao, kete za kiganjani na shimo ulipo vinarudi sawasawa na vilivyokuwa. Vikirudi, vitarudi milele. Ninachofanya ni kuhifadhi kila mpangilio ndani ya hatua moja, nikiuona mara ya pili nakata na kutoa tukio la `haitalala`. Kwa kuwa sheria hazisubiri kioo, naijaribu hatua kwenye nakala ya ubao kabla mchezaji hajaona chochote.

Kinachobaki sio cha kompyuta. Mzee, shikamoo tena. Kijiweni ikitokea hivyo hukumu ni ipi: hatua inakataliwa, au mchezaji amepoteza?

---

Mzee_wa_Ndoro

Marahaba. Kete isiyolala sijaiona. Nimeona mtu aliyezunguka mpaka watazamaji wakaanza kusinzia, akalala yeye kabla ya kete. Sisi tungemwambia acheze shimo lingine. Kupoteza hapana, hakufanya kosa.

---

Kete64

Basi inatoka kwenye orodha ya `hatua_halali`. Zikibaki hizo tu na nyingine hakuna, nitarudi hapa kuuliza. Mashine inatafuta usiku kucha mpangilio wa namna hiyo kwa hatua za kubahatisha. Ikiupata nauweka humu shimo kwa shimo, mjukuu aupange kwenye bao la mti mzee auangalie.